Daktari wa Wanyama Anajibu: Mbwa Mwenye Kisukari Nyumbani

Tangu tulipogusia kisukari cha mbwa katika safu hii, barua nyingi zinazotufikia zinatoka kwa watu ambao tayari wana mgonjwa uani na wanataka kujua la kufanya kesho asubuhi. Toleo hili tumelitenga kwa ajili yao. Majibu haya hayachukui nafasi ya daktari aliyemshika mbwa wako na kumpima. Kiwango cha insulini, homoni inayoshusha sukari ya damu, hasa, hakipangwi kwa barua.

Shikamoo Daktari. Nina mbwa jike wa miaka tisa, mchanganyiko wa kienyeji na German Shepherd. Tangu alipotoka kwenye joto (kipindi cha kutaka dume) wiki chache zilizopita anakunywa maji bila kukoma, anakojoa hadi barazani, na anakula kuliko zamani ilhali mbavu zinahesabika. Anapokojoa, sisimizi hujaa. Mama mkwe wangu anatumia metformini kwa kisukari chake na anashauri tumgawie mbwa nusu kidonge. Tufanye hivyo? – Msomaji, Kigamboni, Dar es Salaam

Marahaba, mwanangu. Msimpe kidonge hicho, na mpelekeni kwa daktari wa wanyama leo au kesho, kwa sababu mbili.

Sababu ya kwanza ni kwamba huenda si kisukari. Jike mwenye umri huo ambaye hajatolewa kizazi, akianza kunywa maji mengi wiki chache baada ya joto, lazima achunguzwe kwanza kama kizazi chake hakijajaa usaha. Ugonjwa huo nao humfanya anywe na kukojoa sana, na humuua upesi akicheleweshwa. Sisimizi kwenye mkojo wanatoa fununu nzuri ya sukari, na wazee wetu waliijua dalili hiyo kabla ya maabara, lakini fununu haitoshi. Daktari atapima damu na mkojo kwa pamoja. Sukari ya mbwa huanza kumwagika kwenye mkojo pale ile ya damu inapopita takriban milimoli 10 hadi 12 kwa lita; sukari ikionekana kote kuwili, na dalili ni hizo ulizozieleza, basi jibu limepatikana. Kabla ya kwenda, mpime maji kwa siku moja: mjazie chombo chake kwa chupa ya lita moja, uandike kila unapoongeza, na uhakikishe hanywi kwingine. Mbwa mzima mwenye afya hunywa karibu mililita 50 hadi 60 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Akipita mililita 100 kwa kilo, yaani lita 2 kwa mbwa wa kilo 20, hata joto la Dar es Salaam halitoshi kuwa maelezo.

Sababu ya pili inahusu kidonge chenyewe. Kisukari cha mama mkwe wako, kama kilivyo kwa watu wazima wengi, ni cha mwili ambao bado unatengeneza insulini lakini hauitii vizuri, na vidonge vinausaidia uitii au vinalisukuma kongosho litoe zaidi. Kwa mbwa, karibu wote, chembe za kongosho zinazotengeneza insulini zimekwisha kufa, kwa hiyo hakuna kilichobaki cha kusukumwa. Mbwa anayepewa vidonge anaendelea kuharibikiwa huku familia ikiamini anatibiwa. Nayasema hayo hayo kuhusu muarobaini, mlonge na mizizi mingine: hakuna jani linaloweza kushika nafasi ya insulini kwa mnyama ambaye mwili wake umeacha kuitengeneza. Mbwa wa namna hiyo anahitaji sindano, kwa kawaida mara mbili kwa siku, maisha yake yote.

Kwa jike wako kuna neno la ziada. Baada ya joto, homoni ya projesteroni hupanda kwa takriban miezi miwili na kuizuia insulini isifanye kazi, na ndiyo maana majike wengi hugundulika katika kipindi hicho hicho. Ikithibitika ni kisukari, mwulize daktari mapema kuhusu kumtoa kizazi. Bila upasuaji huo, kila joto litakalofuata litavuruga kiwango cha dawa mlichokizoea. Ukifanywa mapema, wapo majike wachache ambao kisukari chao huondoka kabisa. Sindano za homoni za kumzuia jike asishike mimba nazo zina athari ile ile, kwa hiyo asidungwe tena.

Daktari, mbwa wangu aliandikiwa insulini ya wanyama, yuniti 8 asubuhi na yuniti 8 jioni. Kichupa nilipata kliniki, lakini mabomba ya sindano yaliisha nikanunua mengine kwenye famasi ya kawaida. Tangu hapo amerudia kunywa maji sana. Nimekuwa nikijaza hadi alama ya 8 kama nilivyofundishwa. Kuna nini? – Msomaji, Nakuru

Insulini yako haijaharibika. Tatizo liko kwenye bomba. Insulini nyingi zilizotengenezwa kwa ajili ya mbwa zina yuniti 40 katika kila mililita moja, na bomba lake, ambalo kwa kawaida lina kifuniko chekundu, limechorwa kwa hesabu hiyo. Insulini ya binadamu inayouzwa famasi ina yuniti 100 kwa mililita, na mabomba yake, ambayo mara nyingi yana kifuniko cha rangi ya chungwa, yamechorwa kwa hesabu nyingine. Ukivuta dawa ya yuniti 40 hadi alama ya 8 kwenye bomba la yuniti 100, unapata yuniti 3 na ushee tu. Mbwa wako amekuwa akipata chini ya nusu ya dawa yake, na ndiyo maana kiu imerudi.

Kosa la upande wa pili ndilo linalonitia hofu zaidi, na nawaomba wasomaji wote wasome sentensi hii mara mbili. Mtu akivuta insulini ya binadamu ya yuniti 100 kwa bomba la yuniti 40, alama ya 8 inabeba yuniti 20, na kiasi hicho kinaweza kumwua mbwa mdogo kabla ya adhuhuri. Kabla ya kuondoka dukani, geuza kichupa na geuza bomba, usome namba iliyoandikwa kwenye kila kimoja, zisipolingana, usinunue. Usijaribu kukokotoa mwenyewe alama mbadala mpaka daktari wako akuandikie kwa mkono wake na akuone ukivuta mbele yake. Vilevile usibadili aina ya insulini kwa sababu tu ya bei au kwa sababu muuzaji amesema zote ni moja. Iliyo angavu kama maji mara nyingi, ingawa si zote, ni ile inayofanya kazi kwa haraka na kwa muda mfupi, na hutumika hospitalini. Inayotumika nyumbani kwa mbwa mara nyingi ni ile yenye ukungu mweupe, ambayo lazima ichanganywe kabla ya kuvutwa. Namna ya kuichanganya hutofautiana: nyingine huviringishwa polepole viganjani, nyingine mtengenezaji anaagiza itikiswe mpaka weupe uenee sawasawa. Fuata karatasi iliyomo ndani ya boksi.

Kwa kuwa umenipa nafasi, niseme pia kuhusu mkono wenyewe unaodunga. Mbwa awe anakula au amemaliza kula. Inua ngozi ya ubavuni, nyuma ya bega, kwa vidole viwili mpaka ifanye kihema, ingiza sindano kwenye msingi wa kihema hicho, kisha sukuma dawa taratibu. Badilisha mahali kila siku, kulia na kushoto, juu na chini kidogo, kwa sababu ngozi inayodungwa palepale huwa ngumu na dawa hainyonyeki vizuri. Ngozi ya shingoni, ambayo watu huipenda kwa kuwa ni rahisi kuishika, si chaguo zuri kwa sababu damu haipiti huko kwa wingi. Ukimaliza pitisha kidole: manyoya yakiwa na unyevu na harufu ya dawa, sindano ilitokea upande wa pili. Hapo usirudie hata kama umeona dawa yote imemwagika. Huwezi kujua ni kiasi gani kilichoingia, na sukari iliyopanda kwa saa kumi na mbili haina hatari kama dozi iliyopigwa mara mbili. Sindano zilizotumika ziweke kwenye chupa ngumu ya plastiki yenye kifuniko na uzirudishe kliniki. Wazoa taka wengi hufanya kazi bila glovu.

Daktari, huku kwetu umeme hukatika hata nusu siku, na jirani mwenye friji naye hufunga nyumba anaposafiri. Insulini itaharibika? – Msomaji, nje kidogo ya mji wa Dodoma

Kichupa ambacho hakijafunguliwa kinatakiwa kukaa kati ya nyuzijoto 2 na 8, kisimame wima, kiwe mbali na kigandishio na mbali na mlango wa friji unaofunguliwa kila mara. Insulini iliyoganda hutupwa, hata ikiyeyuka na kuonekana nzima. Watu wengi huogopa joto na kusahau barafu, wakati kichupa kilichofungwa pamoja na barafu katika safari ya basi huharibika bila mwenyewe kujua. Kati ya dawa na barafu kuwe na taulo au kitambaa kizito.

Umeme kukatika kwa nusu siku si msiba. Mwaka 2021 ulichapishwa utafiti wa shirika la Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva uliotokana na joto lililopimwa kwenye makazi ya wakimbizi katika kambi ya Dagahaley, huko Dadaab nchini Kenya, ambako wagonjwa wa kisukari hawana friji. Insulini za binadamu walizozipima, zikiwa katika joto linalopanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37 kwa wiki nne, zilibaki na nguvu yake. Utafiti huo haukuhusu insulini za wanyama, kwa hiyo siutumii kukuruhusu utupe friji, bali ukuondolee hofu ya kutupa kichupa kizima kwa sababu ya saa chache za giza. Mtungi wa udongo ulio na maji kidogo chini, uliowekwa kivulini mahali penye upepo, dawa ikiwa ndani ya kopo kavu lililofungwa vizuri, huipunguzia dawa joto la mchana kwa kiasi cha kufaa. Usikiache kichupa ndani ya gari wala juani dirishani. Andika kwenye lebo tarehe uliyokifungua, na muda wa matumizi uliotajwa na mtengenezaji, ambao kwa insulini nyingi ni karibu wiki nne, ukipita, kitupe hata kama kimebaki nusu. Ukiona vipande vinavyoelea au vilivyoshika kwenye kioo ambavyo havichanganyiki, kitupe pia.

Assalamu alaikum Daktari. Nina mbwa wa ulinzi ambaye ana kisukari mwaka wa pili sasa. Katika Ramadhani nilihamisha sindano zake ziende na daku na futari ili nisisahau. Asubuhi moja hakula, lakini nilimdunga kama kawaida. Baada ya jua kuchomoza alianza kuyumba kama amelewa, akatetemeka, kisha akaanguka na kupiga miguu. Mke wangu alimpaka asali mdomoni akazinduka. Ilikuwa kifafa? – Msomaji, Tanga

Waalaikum salaam. Mshukuru mkeo, kwa sababu ndiye aliyemwokoa. Hakikuwa kifafa, ndugu yangu, sukari ilishuka. Insulini iliingia mwilini, chakula hakikuingia, na ubongo ukakosa kitu cha kuutumikisha. Katika utunzaji wote wa kisukari hii ndiyo hatari inayoua kwa saa, wakati sukari ya juu huchukua siku na wiki kufanya madhara yake. Ndiyo maana katika kila jambo lenye shaka naegemea upande wa dawa pungufu.

Dalili za mwanzo ni ndogo: mbwa anaduwaa, anajificha au anakusumbua kwa njaa isiyo ya kawaida, miguu ya nyuma inalegea. Akiwa bado anaweza kumeza, mpe chakula chake mara moja, na asipotaka mpe asali au maji yenye sukari nyingi. Akiwa amezimia au ana degedege, usimmiminie chochote kooni kwa sababu kitaingia mapafuni; chovya kidole kwenye asali au glukosi na upake kwenye fizi kwa nje, ndani ya mdomo wa juu, ukijihadhari na meno. Akizinduka mlishe kidogo kidogo na umpeleke kwa daktari siku hiyo hiyo, hata akionekana mzima, kwa kuwa insulini uliyomdunga bado inafanya kazi na anaweza kuanguka tena. Dozi inayofuata asipewe mpaka daktari aseme. Chupa ndogo ya asali ikae mahali ambapo kila mtu wa nyumbani, pamoja na dada wa kazi na mlinzi, anaijua.

Sasa kuhusu saa. Kutoka daku hadi futari ni karibu saa kumi na nne, na kutoka futari hadi daku ni kumi tu. Dozi zake zilikuwa zinasogeleana usiku na kuachana mchana. Sindano hizi hutenganishwa kwa saa kumi na mbili. Kwetu huku karibu na ikweta jua haliyumbi sana mwaka mzima, na familia nyingi ninazozijua zimefunga ratiba ya mbwa kwenye saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni. Kwako jioni hiyo inaangukia muda mfupi kabla ya adhana ya Magharibi, na asubuhi ni baada ya sala ya Alfajiri, kwa hiyo saumu yako haiguswi. Kwanza weka chakula, subiri umwone anakula, ndipo udunge. Akila nusu tu, madaktari wengi huruhusu nusu ya dozi. Asipokula kabisa au akitapika, piga simu kabla ya kudunga. Ukichelewa kwa saa moja au mbili, mlishe na umdunge. Ukiwa umechelewa zaidi ya hapo, iache dozi hiyo na usubiri inayofuata. Usizijumlishe mbili kwa wakati mmoja kwa hali yoyote.

Watoto wangu wameacha kumpa mbwa wetu pipi. Sasa wanampa bazoka zisizo na sukari. Hizo hazina neno, sivyo? – Msomaji, Moshi

Wazuie leo hii. Bazoka na pipi nyingi zisizo na sukari zimetiwa zailitoli, utamu usiomdhuru mwanadamu lakini ambao kwa mbwa hulifumua kongosho litoe insulini kwa ghafla, sukari ikashuka, na baadaye ini linaweza kufa. Ni sumu kwa mbwa yeyote, mwenye kisukari na asiye nacho. Kama amekula, msisubiri dalili. Mpelekeni kwa daktari mkiwa na pakiti mkononi.

Daktari, tumlishe nini? Hatuwezi kununua chakula cha makopo. Anakula ugali na dagaa au vichwa vya samaki, na siku za sikukuu hula pilau kama sisi. – Msomaji, Bagamoyo

Ugali na dagaa vinaweza kumtunza mbwa mwenye kisukari vizuri kuliko watu wanavyodhani, mradi kila mlo ufanane na mwingine. Daktari anapopanga yuniti za insulini anazipanga dhidi ya chakula fulani cha kiasi fulani. Chakula kikibadilika, dozi iliyokuwa sahihi jana leo ni kubwa mno au ndogo mno. Chagua bakuli moja liwe ndilo kipimo. Pika ugali wa dona badala ya sembe, kwa sababu nyuzinyuzi za dona huchelewesha sukari kuingia kwenye damu, weka dagaa waliochemshwa bila chumvi nyingi na mboga za majani zilizokatwa ndogo, ugawe milo miwili iliyo sawa, na pasiwe na kitu katikati. Mikate ya chai, maandazi, makombo ya wageni na tende za futari zote zina hesabu yake kwenye damu. Pilau iache kabisa, si kwa sababu ya wali peke yake bali kwa sababu ya vitunguu maji na vitunguu saumu, ambavyo huvunja chembe nyekundu za damu ya mbwa, na mafuta mengi yanaweza kuwasha kongosho ambalo tayari ni bovu. Ikiwa kuna mtoto au bibi ambaye hawezi kumnyima mbwa kitu, mpe yeye kazi ya kumwekea bakuli lake la saa kumi na mbili. Huridhika, na mbwa hupona makombo.

Nimenunua mashine ya kupimia sukari ya binadamu. Jana mbwa alionyesha 16, leo 9. Niongeze au nipunguze? – Msomaji, Nairobi

Usifanye lolote kati ya hayo kwa namba mbili. Sukari ya mbwa hupanda na kushuka ndani ya siku moja, na kinachotafutwa ni umbo la siku nzima, yaani mkondo wa sukari: unapima kabla ya chakula cha asubuhi, halafu kila baada ya saa mbili mpaka wakati wa sindano ya jioni, ukiandika saa na namba. Tone la damu hupatikana kwenye ukingo wa sikio lililopashwa moto kwa kitambaa, au ndani ya mdomo wa juu. Kwa mbwa wengi daktari hufurahi akiona namba ya chini kabisa ya siku iko kati ya 5 na 8 hivi. Baada ya kubadili dozi mwili huhitaji siku saba hadi kumi na nne kutulia kabla ya kupima mkondo mwingine, kwa hiyo anayebadilisha kila asubuhi anakimbiza kivuli.

Mashine za binadamu nazo, mara nyingi, husoma damu ya mbwa chini ya ilivyo, kwa kuwa sukari ya mbwa imekaa zaidi kwenye majimaji ya damu kuliko ndani ya chembe nyekundu. Zipo mashine zilizorekebishwa kwa ajili ya wanyama, lakini kama huna, beba hiyo yako kliniki mara moja, damu ile ile ipimwe na maabara, ujue tofauti yake. Kliniki ya kitivo cha tiba ya wanyama cha Chuo Kikuu cha Nairobi, Kabete, iko karibu nawe; kwa wasomaji wa Tanzania, hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, hupokea wagonjwa wa rufaa.

Wasio na mashine wasikate tamaa. Daftari lenye maji anayokunywa, uzito wa kila wiki, hamu ya kula na namna anavyokupokea getini linanieleza mengi. Uzito unapatikana kwa kupanda mizani ukiwa umembeba, kisha kupanda peke yako na kutoa. Mbwa ambaye maji yamepungua, mwili umerudi na anabweka kama zamani, anaendelea vizuri hata kama namba fulani haipendezi. Ongeza vipande vya kupimia mkojo vinavyoonyesha sukari na ketoni (tindikali zinazojaa mwili unapochoma mafuta kwa kukosa insulini), na ketoni ikionekana huku mbwa hali, anatapika au pumzi yake inanuka kama dawa ya kufutia rangi ya kucha, usingoje asubuhi.

Mbwa wangu alikuwa ametulia miezi mingi. Tulimwogesha dawa ya kupe, na kwa kuwa alikuwa na upele alichomwa sindano ya kuwashwa na mtu wa duka la dawa za mifugo. Sasa sukari haishuki. – Msomaji, Arusha

Mambo hayo mawili yanatosha kueleza kila kitu. Dawa nyingi za josho zinazouzwa kwetu kwa ajili ya ng'ombe na mbwa zina amitrazi, na amitrazi hupandisha sukari ya mbwa kwa kulizuia kongosho na kuvuruga homoni zake. Mbwa mwenye kisukari asioshwe nayo. Soma jina la kiambato kwenye lebo, kwa sababu majina ya kibiashara ni mengi. Kwa kupe mwombe daktari dawa ya matone ya mgongoni au kidonge cha kundi lingine, nanyi endeleeni kumchambua kwa vidole kila jioni, masikioni na katikati ya vidole, kwani kupe akiachwa humletea homa ambazo nazo hupandisha sukari.

Sindano ya kuwashwa karibu kila mara ni steroidi, deksamethasoni au jamii yake, ambayo inapingana na insulini moja kwa moja na athari yake inaweza kudumu kwa siku kadhaa hadi wiki. Usiongeze insulini wewe mwenyewe ili kuifidia: steroidi itakapoisha mwilini, dozi uliyoipandisha itabaki na kumwangusha. Mwone daktari wake kwa mpango wa muda. Na upele wenyewe utibiwe, kwa sababu usaha wowote mwilini, wa ngozi, meno au kibofu cha mkojo, huizuia insulini. Sukari iliyogoma bila sababu huniongoza kwanza kwenye mkojo na meno.

Macho ya mbwa wetu yamekuwa meupe kama maziwa ndani ya wiki chache. Ni insulini imemdhuru? – Msomaji, Mwanza

Hapana, ni mtoto wa jicho, unaotokana na sukari kuingia kwenye lenzi na kuvuta maji. Huwapata wengi wa mbwa wenye kisukari, mara nyingi katika mwaka wa kwanza, hata wanaotunzwa vizuri, kwa hiyo msijilaumu wala msiache sindano. Upasuaji upo lakini wataalamu wake ni wachache katika ukanda wetu. Jicho likiwa jekundu, likitoa machozi au mbwa akilifumba, kuna uvimbe ndani unaouma na unahitaji matone. Upofu wenyewe mbwa huuzoea: msihamishe samani, zibeni mashimo na mitaro uani, na mwiteni kwa jina kabla ya kumgusa.

Majirani wanasema kumdunga mbwa insulini wakati kuna watu hawana dawa ni dhambi. Na kweli fedha zinatuishia. – Msomaji, Mbeya

Tofautisha mambo hayo mawili. Kwa la kwanza, mweleze jirani kwamba ilikuwa kwa kuondolewa kongosho la mbwa, mjini Strasbourg mwaka 1889, ndipo watafiti von Mering na Minkowski walipoonyesha kisukari kinatoka wapi, na kwamba watafiti Banting na Best walifanya majaribio yao kwa mbwa huko Toronto mwaka 1921 kabla ya mgonjwa wa kwanza wa binadamu, mvulana wa miaka 14, kuchomwa insulini Januari 1922. Kila mtu anayeishi kwa insulini leo ana deni kwa mbwa wale, na kumtunza wako hakumnyang'anyi mgonjwa yeyote dawa yake.

Kwa la pili sitakutia aibu. Mwambie daktari wako ukweli kuhusu kipato chako kabla hujaanza kuruka dozi kimyakimya. Anaweza kukupangia insulini ya binadamu yenye bei nafuu pamoja na bomba linalolingana nayo, kupunguza vipimo vya maabara na kutegemea daftari la maji na uzito, au hata kukubali sindano moja kwa siku, ambayo huidhibiti sukari kwa kiasi kidogo zaidi lakini ni afadhali kuliko kukosa. Na ikiwa hata hilo haliwezekani, usimwache akauke kwa kiu na njaa kwa wiki kadhaa ukimwachia Mungu. Mwombe daktari amlaze usingizi wa mwisho bila maumivu, wewe au mtu anayempenda akiwa amemshika, na umwulize gharama yake mapema ili siku hiyo isikukute huna.